Unamwacha Nani Majini?

Kanzu ya ubatizo ina siri yake, na siri yenyewe imo kwenye upindo. Mtu akishuka majini na kanzu nyepesi, kitambaa hujaa hewa kikapanda. Fundi alilijua hilo mwaka wa kwanza alipoanza kulishonea kanisa, siku mke wa mzee wa kanisa alipoingia tangini na kanzu ikampanda hadi mabegani kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Kwaya nzima iligeukia ukutani kwa heshima, isipokuwa mpiga kinanda, ambaye baadaye alidai kwamba alikuwa anatafuta sauti. Tangu hapo, kila kanzu iliyotoka mikononi mwa Fundi ilikuwa na nati nne za chuma zilizofichwa ndani ya upindo. Nati zinavuta kitambaa chini, na mtu anazaliwa mara ya pili bila kuanika mapaja.

Kanisa lenyewe lilikuwa na desturi yake. Kabla ya kumzamisha mtu, mchungaji alimshika kisogo, akamwuliza kwa sauti ya kufika hadi barabarani, "Unamwacha nani majini?" Naye lazima ajibu. Namwacha mlevi. Namwacha mchonganishi. Bibi mmoja aliyekuwa hana jino hata moja alijibu, "Namwacha mume wangu wa kwanza," na mchungaji alicheka hadi akaishiwa nguvu za kumzamisha. Ukishajibu unazamishwa, unaibuka, kwaya inapasuka kwa wimbo, na yule uliyemwacha majini hatajwi tena na mtu yeyote. Ndiyo sheria. Hatajwi tena.

Kwa watu wengi sheria hiyo ilikuwa neema. Fundi hakuwahi kuwa na neno nayo, mpaka wiki ile orodha ya wabatizwa ilipofika na majina kumi na moja, na wa kumi na moja akaja mwenyewe kuchukuliwa vipimo.

Ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri. Chumba cha Fundi kilikuwa kimoja tu, cherehani dirishani, kitanda nyuma ya pazia, na vitambaa vyeupe vimerundikwa juu ya meza ya kulia. Mwanamume alisimama mlangoni, akavua kofia.

"Hodi. Shikamoo, mama."

Fundi aliinua macho, akayarudisha kwenye sindano. Marahaba haikutoka. Alimjua kwa sauti, kama alivyomjua Jumapili iliyopita kanisani, kwa sababu sura ilikuwa imekonda, lakini sauti ilikuwa ile ile iliyosoma maelezo mbele ya wakaguzi miaka tisa iliyopita, taratibu, bila kukwama hata mara moja.

Huyu alikuwa msimamizi wa kiwanda cha kufulia.

Hapo ni lazima turudi nyuma kidogo, maana wako wanaopenda mambo haya yasahaulike, na wengi wao wanalala vizuri. Kiwanda kilifua mashuka ya hospitali na ya hoteli. Binti wa pekee wa Fundi alifanya kazi humo. Mtaani walimwita Chiriku, kwa kuwa alianza kuongea akiamka na kunyamaza akilala, na mama yake aliapa kwamba hata usingizini alikuwa akijibishana na mtu. Mashine ya kukamulia iliharibika kila mwezi, na badala ya kuitengeneza, wenye kiwanda waligundua kwamba wasichana wana mikono. Shuka la maji linakamuliwa na watu wawili: huyu anashika ncha hii, yule ile, mmoja anasokota kulia na mwingine kushoto. Mwenzi wa Chiriku wa kukamua alikuwa binti wa jirani wa ng'ambo ya kichochoro, mmoja wa mapacha, ndiye waliyemwita Pacha. Mama zao walijifungua wodi moja, wakakopeshana chumvi na nepi. Mabinti wakakua kama ndugu, wakaajiriwa siku moja, wakakamua shuka moja.

Moto ulianzia kwenye mashine ya kukaushia, mchana kweupe. Mbele kuliwaka. Nyuma kulikuwa na mlango, na mlango ulikuwa umefungwa. Wasichana wanne hawakutoka. Chiriku alikutwa chini ya mlango huo, mkono wake ungali kwenye komeo.

Ripoti ilikuwa na karatasi mbili. Wasichana wanne, karatasi mbili, na ya pili haikujaa. Ilisema kwamba mfanyakazi mmoja alikomea mlango kwa ndani ili apumzike bila kuonekana, na kwamba mfanyakazi huyo alikutwa mahali pale pale akiwa ameshika komeo. Shahidi: msimamizi wa zamu.

Siku ya tatu Fundi alikwenda kufukua majivu kwa mikono, na nje ya mlango, si ndani, akaokota kufuli. Lilikuwa kubwa kama ngumi ya mtoto, jeusi kwa moshi, limefungwa. Alilifunga kwenye kitambaa akalizungusha ofisi baada ya ofisi. Ofisa mmoja alilipima kwa kiganja, akasema, "Mama, kufuli ni kufuli. Hata mimi nyumbani ninalo." Akamrudishia.

Akina mama wa wale wasichana wengine watatu, Mama Pacha akiwemo, waliamini karatasi. Ungewalaumu? Mtu aliyefiwa anataka wa kumchukia, na Chiriku alikuwa karibu kuliko wenye kiwanda. Kwa miaka tisa Mama Pacha hakumsalimu Fundi. Akimkuta bombani, alimwaga maji aliyokwisha kuyakinga, akaondoka na ndoo tupu, ili tu wasisimame mahali pamoja. Na msalaba wa mbao kwenye kaburi la Chiriku uling'olewa mara sita. Fundi akasimika mwingine mara sita.

Alichokitaka hakikuwa kikubwa. Hakutaka mtu afungwe, hakutaka fidia. Alitaka siku moja, kabla hajafa, mtu aseme mbele ya Mama Pacha kwamba mwanawe hakuufunga ule mlango. Na mtu wa kusema hivyo alikuwa mmoja tu duniani, naye sasa amesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Ingia," Fundi alisema. "Simama hapo penye mwanga. Nyosha mikono."

Alimpima mabega. Alimpima kifua. Akafika shingoni.

"Jumapili iliyopita nilisikia ushuhuda wako," alisema akiwa nyuma yake. "Ulitaja pombe."

"Ndiyo, mama."

"Ukawataja wanawake. Ukamtaja hata yule mganga aliyekuchanja. Watu wakapiga makofi. Mimi nikakaa pale nasubiri, nasema sasa atafika kwenye mlango, sasa atafika. Ukasema amina, ukakaa."

Mwanamume hakugeuka. "Nilikuja kwa ajili hiyo. Vipimo vyangu angeweza kuvileta mtu mwingine."

"Haya. Umekuja."

"Ni mimi niliyeufunga." Alisema akitazama ukuta. "Kwa nje. Mkubwa alisema wasichana wanatoka ovyo kupunga upepo. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimetoka kwenda kunywa chai, mama. Chai tu. Niliporudi, moto ulikuwa umeshafika kwenye paa, na mlango haukaribiki."

Fundi alikaa juu ya kitanda. Miaka tisa alikuwa amejiandaa kwa maneno hayo, na yalipokuja yalikuwa mepesi hivi, na chai ndani yake.

"Alibisha?" aliuliza.

"Nini, mama?"

"Mwanangu. Mlango. Alibisha?"

Mwanamume alifunika uso kwa kofia. "Walikuwa wanaita jina langu," alisema.

Nje mtu alikuwa akipiga mluzi. Fundi alisubiri hadi mluzi upite.

"Basi kaseme Jumapili. Mama Pacha anaimba kwaya, atakuwa pale pale mbele. Ukiulizwa unamwacha nani majini, sema hayo uliyoniambia."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Watanikamata. Nina watoto, mama. Na mchungaji amenifundisha: yule mtu wa zamani anakufa. Nikiibuka mimi ni kiumbe kipya. Aliyefunga ule mlango atazikwa Jumapili. Wewe nisamehe tu, nishuke na moyo mwepesi."

Fundi aliinuka na utepe. "Yaani aliyefunga mlango atazikwa Jumapili," alisema, "kwa nyimbo, na kanzu nyeupe, na mimi ndiye nimshonee. Wangu alizikwa na watu watano na mvua. Inua mkono, nipime urefu."

Alimpima urefu. Akaandika. Mwanamume alipoondoka, Fundi hakumuaga.

Ijumaa asubuhi alikwenda kwa mchungaji. Mchungaji hakuwa mtu mbaya, na hiyo ndiyo taabu yenyewe. Mbaya ungejua pa kumshika. Alimkuta nyuma ya kanisa akilisugua tangi la ubatizo kwa brashi, suruali ameikunja hadi magotini. Lilikuwa tangi la chuma, refu kama kitanda cha watu wawili, na maji yake humfikia mtu kiunoni. Miaka minane iliyopita lililetwa kanisani kama zawadi, kutoka kiwanda kilichoungua. Ndimo yalimolowekwa mashuka. Walilipaka rangi ya buluu na kuchora msalaba ubavuni, lakini jua likilipiga vizuri, jina la kiwanda lilionekana chini ya rangi, herufi moja moja.

"Bwana asifiwe, mama."

"Amina. Mchungaji, kuzaliwa mara ya pili ni kufanyaje?"

Mchungaji alicheka. "Miaka yote hii unatushonea kanzu, leo ndio unauliza?"

"Leo ndio nauliza."

Aliweka brashi chini. Alikuwa ameshasikia, ilionekana kwenye mabega yake. "Amekuambia," alisema.

"Na wewe alikuambia. Lini?"

"Mwezi uliopita. Mama, yaliyofunikwa na damu hayafukuliwi. Tukianza kufukua, nani atasimama? Wewe? Mimi?"

"Mimi sijaomba kufukua kitu. Anayefukuliwa ni mwanangu. Mara sita wameung'oa msalaba wake, na wewe unajua kwa nini, na Jumapili iliyopita ulinipa mkono wa amani." Sauti yake ilipanda, naye hakuishusha. "Huyu mtu anataka kuzaliwa upya. Vizuri, azaliwe. Lakini mtoto akizaliwa analia, mchungaji. Huyu anataka kuzaliwa kimya kimya asiamshe watu."

Mchungaji aliokota brashi, akaanza tena kusugua mahali palipokuwa safi. "Samehe, mama," alisema akiwa ameinama. "Usiposamehe, wewe ndiye utakayebaki nje."

"Nje napajua," Fundi alisema. "Wangu ndiye aliyebaki ndani."

Jumamosi alishona kutwa. Kanzu kumi alizimaliza kabla ya saa nane, nati nne kila moja. Ya kumi na moja aliiacha mwisho. Ilikuwa kubwa, ya mtu mrefu. Alikata, akaunga, akashona mikono, akafika kwenye upindo. Akachukua nati tatu, akazishona. Kisha akapiga magoti, akavuta sanduku chini ya kitanda, akafungua kitambaa kilichokuwa na rangi ya moshi mpaka leo.

Hakutaka kumzamisha. Maji ya kiunoni hayazamishi mtu, na kufuli moja halina uzito huo. Alichofikiri ni hiki: kama mtu wa zamani anazikwa Jumapili, basi azikwe na mali yake. Alikunja upindo mara mbili, akalitia kufuli ndani, akashona kwa uzi wa maradufu. Mishono ilitoka midogo, iliyonyooka, mizuri kuliko yote aliyopata kushona.

Jumapili jua liliwaka, na jina la kiwanda lilionekana tangini.

Fundi alikaa kwenye benchi la pembeni na mataulo mapajani, mahali pake pa kila mwaka. Kwaya ilisimama upande wa pili, na Mama Pacha mstari wa mbele, mnene, mikono nyuma, macho hayapiti upande wa mataulo. Kumi walishuka, kumi wakaibuka. Namwacha mwizi. Namwacha mwenye wivu. Kijana mmoja, kwa hofu, alijibu, "Namwacha mjomba," na watu wakavunjika mbavu, kwani mjomba wake alikuwa ameketi pale pale.

Ndipo akashuka wa kumi na moja.

Alikanyaga ngazi ya kwanza. Kwenye ya pili kitu kilimgonga kifundo cha mguu, naye akasita, akadhani ni ukingo wa tangi. Akashuka ya tatu. Maji yalipomfikia magotini aliteremsha mkono, akashika upindo kupitia kitambaa. Fundi aliona vidole vyake vikizunguka umbo lile, vikapapasa kishikio, vikapapasa tundu la ufunguo. Hakuna mtu mwingine kanisani aliyejua kufuli lile kwa mkono. Alikuwa amelifunga kila asubuhi kwa miaka mitatu.

Akainua macho, akamtafuta. Fundi hakuangalia pembeni.

Mchungaji alimshika kisogo. "Ndugu yetu," aliita, "unamwacha nani majini?"

Mwanamume hakuuachia upindo.

"Ndugu. Unamwacha nani majini?" Na kwa chini, kwa mdomo wa pembeni, "Mlevi. Sema mlevi."

"Sina wa kumwacha," mwanamume alisema.

Mpiga kinanda, aliyezoea kungoja jibu tu, aligusa sauti ya kwanza. Mama Pacha alimgeukia, akamkata jicho, sauti ikafa.

"Nilifikiri nitamwacha hapa," mwanamume aliendelea, na sasa meno yalikuwa yanagongana ingawa maji hayakuwa na baridi. "Yule aliyefunga mlango wa kiwanda cha kufulia. Kwa nje. Kwa kufuli. Lakini haachiki. Ni mimi. Yule binti hakukomea, alikuwa anajaribu kufungua. Nilisema uongo kwa wakaguzi. Walikuwa wanaita jina langu, wote wanne, na mimi nilikuwa nakunywa chai."

Mchungaji bado alikuwa amemshika kisogo. Uso wake ulionyesha mtu asiyejua kama asukume au avute. Mzee wa kanisa alisimama, akasema kwa sauti kubwa, "Tuombe," lakini hakuna aliyefumba macho.

"Nizamishe au usinizamishe, mchungaji," mwanamume alisema. "Ila usiwaambie watu kwamba nimekufa."

Mkono wa mchungaji uliteleza ukaanguka majini. Mwanamume alingoja. Alipoona hakuna kinachokuja, aligeuka akapanda ngazi, kanzu imelowa kutoka kiunoni kwenda chini na kichwa kikavu. Hakuchukua taulo. Alipita katikati ya mabenchi, kufuli likimgonga mguu kila hatua, akatoka, akashika njia ya kituo cha polisi kwa miguu. Wengine husema hajabatizwa mpaka leo. Wana haki ya kusema. Kanisa lina daftari lake.

Watu walitawanyika haraka kuliko siku zote. Wawili watatu walimpita Fundi, wakayagusa mataulo yake, wakaenda. Fundi aliwaza kwamba sasa atajisikia kitu. Miaka tisa alikuwa ameisubiri saa hii, akiipanga, akiongea nayo usiku na mchana, na sasa imefika na kupita, na Chiriku bado hayupo wa kusimuliwa. Angesimuliwa mara moja tu, mtaa wote ungekuwa umejua kabla ya chakula cha mchana.

Alibeba beseni la kanzu kumi za maji hadi uwanja wa nyuma. Hapo palikuwa na nguzo. Kila mwaka alifunga ncha moja ya kanzu kwenye nguzo hiyo, akashika ya pili, akasokota peke yake hadi viwiko vimuume. Alitoa kanzu ya kwanza, akaanza kufunga.

"Ulikuwa unajua?"

Mama Pacha alikuwa amesimama nyuma yake, joho la kwaya bado mwilini.

"Nilikuambia," Fundi alisema bila kugeuka. "Siku ya arubaini. Nilikuja mlangoni kwako na lile kufuli."

"Ulikuja."

"Ukafunga mlango."

 Pumzi ya Mama Pacha ilikuwa nzito, ya mtu aliyepanda kilima. Kisha akasema, kwa sauti ndogo isiyofanana na mwili wake, "Ule msalaba. Ni mimi. Mara zote sita. Wa kwanza niliutumia kuni. Nilipikia, nikala."

Fundi alishika ile kanzu, maji yakamtiririka hadi kwenye viwiko. Alitaka kumpiga. Alitaka kumpiga kwa kitambaa kile cha maji usoni, mara sita, na kuhesabu kwa sauti. Alitafuta ndani yake lile neno ambalo watu walikuwa wamemdai wiki nzima kana kwamba liko kabatini, kumbe hata yeye hakuwa nalo. Halikuwepo. Lilikuwepo komeo, na mkono juu yake, na sauti za watoto wanne.

Mama Pacha alisogea. Aliinama, akafungua ile ncha iliyofungwa kwenye nguzo. Fundo lilikuwa gumu, akalilegeza kwa meno. Akaishika kwa mikono yote miwili, akarudi nyuma hatua mbili, kitambaa kikanyooka kati yao. Machozi yalimtoka bila kuyafuta, kwani mikono haikuwa na nafasi.

"Wao walikuwa wanasokotaje?" aliuliza. "Wako kulia?"

 Fundi alitikisa kichwa.

"Kushoto," alisema. "Wako ndiye wa kulia."

Mama Pacha alibadilisha mshiko.

"Kaza," Fundi alimwambia.